Mshale, Mkia na Bendera: Safari Yangu ya Kwanza Duisburg

Nilifuata vibao vya kwenda stesheni ndani ya uwanja wa ndege wa Düsseldorf, na vibao vikanifikisha kwenye behewa dogo lililoning'inia chini ya boriti ya chuma, halina dereva wala reli chini yake. Abiria waliingia na mabegi yao bila kuinua macho. Nami nikaingia. Wenzangu walitazama simu zao. Mimi nilibandika uso kwenye kioo nikitafuta mahali bamba lilipoungana na bamba, kwa sababu mishono ya kuchomelea ndiyo iliyonileta Ujerumani.

Mimi ni mchoraji wa karakana ya vyuma Chang'ombe, Dar es Salaam. Tunatengeneza matangi ya maji, mapaa ya maghala, matrela, ngazi na mageti. Kwetu mchoro hauishi peke yake. Fundi akiwa na shaka huja mezani, barakoa ameipandisha kichwani: "Dada, hapa nachoma pote au nashika tu?" Tunatoka wote hadi kwenye kazi, nachora kwa chaki juu ya bamba, tunabishana kidogo, tunakubaliana, cheche zinaanza. Huo ni utaratibu mzuri, na sitaki mtu auone wa kishamba. Umetuepusha na hasara nyingi. Sharti lake ni moja tu: mchoraji na fundi wawe chini ya bati moja. Tulipoanza kupeleka kazi zetu zikamaliziwe na karakana za mikoani, na meza yangu ilipoanza kupokea michoro ya wakandarasi wa Kichina, wa Kituruki na wa kampuni za mafuta, chaki haikutosha tena. Kwa hiyo mwenye karakana aliponiambia kuna nafasi katika mafunzo mafupi ya alama za uchomeleaji mjini Duisburg, nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Nilifika Jumapili. Hakuna aliyekuwa ameniambia maana ya Jumapili ya Kijerumani. Kutoka stesheni ya Duisburg nilipita mtaa mpana wa maduka, vioo vinang'aa, taa zinawaka, na kila mlango umefungwa. Kariakoo siku hiyo ya Jumapili ungesukumwa bega kwa bega na wanunuzi. Hapa nilisikia magurudumu ya begi langu tu. Njaa ilinipeleka hadi kwenye mgahawa wa Mturuki mmoja, ambako nilipewa nyama, mkate wa moto na chai ya rangi kwenye glasi ndogo. Mwenye mgahawa aliponiuliza nimefuata nini, nikamwambia nimefuata kuchomelea, alicheka kwa furaha, akanionyesha mikono yake. Baba yake alikuja eneo la Ruhr kufanya kazi ya chuma, na yeye mwenyewe aliifanya kabla ya kufungua mgahawa. Niligundua baadaye kwamba katika mji ule ni vigumu kukuta familia isiyo na mtu aliyewahi kushika chuma cha moto.

Asubuhi darasani tulikuwa mchanganyiko: Mpolandi, Wahindi, Mreno, vijana wa Kijerumani, na mimi Mwafrika peke yangu. Mwalimu, mzee wa nywele nyeupe aliyetumia maisha yake viwandani, hakutusalimia kwa maneno mengi. Alichora ubaoni bamba moja limesimama juu ya jingine, akachora mshale unaogusa kiungo upande wa kulia, mstari mmoja uliolala, na pembetatu juu ya mstari huo. Akauliza: mshono unakwenda upande gani?

Nusu ya darasa walisema upande unaoguswa na mshale. Nusu nyingine tukasema upande wa pili. Mwalimu akatusubiri tubishane mpaka tukachoka. Kisha akaongeza mstari mmoja tu, wa vipandevipande, chini ya ule uliolala, na nusu yetu tukabadilisha jibu.

Hapo nieleze kidogo, kwa msomaji asiyekaa na michoro hii. Alama ya uchomeleaji ina mshale unaogusa mahali pa kazi, mstari uliolala unaobeba ujumbe, na mara nyingi mkia uliopasuka mwishoni. Ishara inayokaa kwenye mstari inataja aina ya mshono: pembetatu kwa mshono wa kona, V kwa mabamba mawili yaliyokatwa kingo yakakutana ncha kwa ncha, na nyinginezo. Ukubwa wa mshono huandikwa kushoto mwa ishara, urefu wake kulia. Duara dogo pale mshale unapokutana na mstari linaagiza kuzunguka pote. Bendera ndogo mahali hapohapo inaagiza kwamba mshono huo usichomwe karakanani, bali kule kitu kitakakosimikwa. Hayo nilikuja nayo kutoka nyumbani.

Nisilokuja nalo ni kwamba dunia ina familia mbili za alama hizi, na kwamba kiwango cha kimataifa cha ISO 2553, katika toleo la 2013 na lile la 2019 lililofuata, hakikuichagua mojawapo na kuitupa nyingine. Kimezikubali zote mbili na kuziita Mfumo A na Mfumo B. Katika Mfumo A mistari ni miwili, mmoja mzima na mmoja wa vipande. Ishara ikikaa kwenye mstari mzima, choma upande wa mshale. Ikikaa kwenye wa vipande, choma upande wa pili. Katika Mfumo B mstari ni mmoja: ishara ikiwa chini yake ni upande wa mshale, ikiwa juu ni upande wa pili. Ulaya hufuata wa kwanza, na michoro ya Kichina nayo hutumia mstari wa vipande. Marekani na Japani hufuata wa pili.

Nilishusha kalamu. Mawazo yalirudi Chang'ombe, kwenye michoro inayotufikia ikiwa fotokopi ya fotokopi. Mstari unaotangulia kupotea katika fotokopi ni mwembamba, na mwembamba zaidi ni ule wa vipande. Chukua mchoro wa Mfumo A wenye pembetatu juu ya mstari mzima, unakili mpaka vipande vifutike, kisha umpe fundi aliyezoea michoro ya Kimarekani. Ataenda kuchoma nyuma ya bamba, kwa uaminifu wote, na mchoro utakuwa shahidi wake. Nilimweleza mwalimu. Alinyamaza kidogo, akasema hiyo hatari katika darasa lake haijawahi kutajwa kwa sababu wao hupokea michoro kwenye kompyuta, akaiandika kwenye daftari lake. Nilifurahi kwamba Chang'ombe imeingia kwenye daftari la Duisburg.

Mji wenyewe ulinishangaza kwa maji. Nilitarajia moshi. Duisburg iko mahali mto Ruhr unapoingia mto Rhein, na bandari yake ni ya mtoni, mbali na bahari, lakini meli za mizigo hazikatiki. Nilisimama darajani nikitazama matishari marefu yakipanda mkondo, na nyuma ya usukani wa moja kulikuwa na nguo zimeanikwa na gari dogo la familia limeegeshwa juu ya sitaha. Jioni tulipelekwa kwenye kiwanda cha chuma kilichofungwa 1985 na kufanywa bustani ya watu wote. Wenyeji hupanda tanuru la zamani kwa ngazi za chuma, watoto wanacheza kati ya mabomba makubwa, usiku taa za rangi huwashwa. Kwetu chuma kikizeeka kinapimwa kwa kilo na kuuzwa skrepa. Sikujua kwamba mtu anaweza kukitunza ili akitazame. Niliizunguka ile mitambo nikiona riveti hapa na mishono ya kuchomelea pale, vizazi viwili vya mafundi vimekaa bega kwa bega.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye vipimo, na hapo ndipo nilipopata faida kubwa ya safari nzima.

Mshono wa kona una umbo la sambusa yenye kona moja ya mraba na kingo mbili zinazolingana. Ukipima ukingo mmoja kati ya hizo mbili, unapata mguu wa mshono. Ukipima kutoka kona ile ya mraba kwenda moja kwa moja hadi kwenye ukingo mrefu, njia fupi kabisa ambayo kisu kingepita, unapata koo. Ni mshono mmoja, lakini namba mbili. Koo ni takriban mguu mara 0.7. Mguu wa milimita 7 una koo la milimita 5.

Sisi, kwa desturi tuliyorithi kwa Waingereza, hupima mguu, kwa kuwa unaonekana na hata rula ya kawaida inaufikia. Wajerumani hupima koo, kwa sababu koo ndilo linalobeba mzigo. Mshono ukikatika, mara nyingi hukatikia hapo penye njia fupi. Katika ISO 2553 herufi ndiyo inayotenganisha: z5 ni mguu wa milimita 5, a5 ni koo la milimita 5. Wamarekani hawaandiki herufi. Namba yao ni mguu.

Mwalimu alitupa vyuma vilivyochomelewa na vipimio vya mishono, akatuachia tufanye hesabu wenyewe. Mhandisi anataka a5. Mchoraji anaandika 5 peke yake. Fundi wa Dar es Salaam anachoma mguu wa 5. Koo lililopatikana ni 3.5, yaani nguvu ya mshono imepungua kwa asilimia 30, na chuma kilichomwagwa ni nusu tu ya kilichohitajika. Geuza: mhandisi alitaka mguu wa 5, fundi wa Duisburg akasoma koo la 5. Sasa chuma ni maradufu, rodi ni maradufu, muda ni maradufu, na joto pia. Bamba jembamba la ubavu wa trela likipata joto la namna hiyo hujikunja, na fundi atamaliza mchana akilinyoosha kwa nyundo. Hakuna mzembe katika hadithi hizi mbili. Kilichokosekana ni herufi moja.

Kutoka hapo tukaingia kwenye swali lililonifanya niikubali safari hii: mchoraji achague ukubwa gani? Kwetu mwenye shaka huongeza. "Weka kubwa, usalama kwanza," ndivyo tunavyosema, na tunasema kwa nia njema. Mwalimu alitutaka tukokotoe gharama ya nia njema. Kuongeza koo kutoka milimita 5 hadi 6 kunaongeza chuma cha kujazia kwa asilimia 44, kwa sababu eneo la pembetatu hukua kwa mraba wa kipimo. Milimita moja! Nilikuwa najua hesabu hiyo tangu shuleni, na sikuwahi kuiona ikiwa imevaa bei ya rodi. Nimerudi na msimamo, na nauandika waziwazi: mshono mkubwa kuliko unaohitajika si usalama. Ni uamuzi ambao mchoraji ameukwepa, na fundi na mwenye mali wanaulipia.

Baada ya chakula cha mchana (ambacho kwao ndicho cha moto, usiku ni mkate, jibini na nyama baridi, na tumbo langu halikuafiki) tuliingia karakanani. Ukumbi ulikuwa safi kiasi cha kunitia wasiwasi. Kila kibanda kina pazia jekundu, bomba la kuvuta moshi liko juu ya kazi, na hakuna aliyevaa miwani ya jua badala ya barakoa. Fundi mkuu alitupa mchoro wa zoezi. Kulikuwa na kisanduku cha chuma, mabamba mawili ndani yake yaliyosimama karibu karibu, na alama nzuri, zilizochorwa kwa unadhifu, zikiagiza mishono ya kona pande zote mbili za kila bamba. Akanipa bunduki ya kuchomelea, mashine ikiwa imezimwa. "Onyesha utakavyochoma."

Niliingiza mkono. Bunduki ilifika nusu. Niligeuza kiwiko, nikapiga goti, nikainama upande wa pili. Ncha ya waya haikuweza kuielekea kona ile hata kwa mlalo mbaya. Kila mmoja alijaribu na kila mmoja alishindwa. Alama ilikuwa halali kabisa kwa kitabu na haikuwezekana kwa mwili wa binadamu. Fundi mkuu akaeleza kwamba mchoraji ana njia kadhaa: ahamishe bamba, achague mshono wa upande mmoja wenye ukingo uliokatwa ili chuma kizame zaidi, au apange kisanduku kifungwe mwisho. Lakini lazima achague yeye. Akimwachia fundi, fundi atachagua kinachomwezekana saa hiyo, na hakuna atakayejua ni nini mpaka siku ya kukatika.

Tukatoka kwenye kona tukaenda kwenye mabamba mazito. Ukiunganisha mabamba ya milimita 20 ncha kwa ncha, V moja ya nyuzi 60 inahitaji takriban maradufu ya chuma kinachohitajika kwa V mbili zinazotazamana, moja juu na moja chini. Kwa hesabu hiyo ungedhani V mbili ndiyo sahihi siku zote. Duisburg kuna winchi ya kupindua bamba la tani kadhaa kwa kubonyeza kitufe. Kwetu kulipindua ni kazi ya vijana wengi, mnyororo, na dua. Na ukishindwa kulipindua, V ya chini itachomwa fundi akiwa chali, chuma cha moto kikimdondokea. Kwa hiyo alama iliyo bora Duisburg inaweza kuwa mbaya Chang'ombe, kwenye bamba lilelile. Mwalimu alikubali bila kusita. Kabla ya kuchagua ishara, alisema, mjue atakayeichoma na vifaa alivyonavyo.

Hilo linaonekana zaidi kwenye mkia. Humo huandikwa njia ya kuchomelea kwa namba: 111 ni rodi ya mkono tunayoijua sote, 135 ni waya unaolindwa na gesi, 141 ni ile ya sindano ya tungsteni kwa kazi laini. Viwanda vya Ruhr vimezoea 135, kwa kuwa ni ya haraka. Lakini gesi hupeperushwa na upepo. Mchoro wenye bendera ya kuchomea nje na namba 135 mkiani, ukipelekwa kwenye mnara wa tangi pwani ya Tanga wakati wa kusi, unapingana na hali ya hewa. Bendera na mkia vinapaswa kusomwa pamoja, na kwetu pwani jibu la kawaida litakuwa 111.

Jioni hiyo mwalimu alitusimulia ajali. Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la Alexander L. Kielland, lililokuwa makazi ya wafanyakazi wa mafuta katika Bahari ya Kaskazini, lilipinduka katika dhoruba. Waliokuwamo ni watu 212, na 123 walikufa. Tume ya uchunguzi ya Norway iliufuata ufa hadi kwenye mhimili mmoja wa bomba lililoshikilia mguu wa jukwaa, na kwenye mhimili huo hadi kwenye kishikizo cha chombo cha kusikiliza sauti chini ya maji. Kishikizo hicho hakikubeba mzigo wowote wa jukwaa. Kilichomelewa kwenye mhimili kwa mshono wa kona wa milimita 6. Ufa ulianzia pale, mawimbi yakaukuza, mhimili ukakatika, mingine ikafuata, mguu ukang'oka.

Darasa lilikaa kimya. Mimi nilifikiria vishikizo vyote tunavyovipachika: cha kupitishia waya wa umeme, cha kushikia bango la kampuni, pete ya kuinulia. Kwenye michoro ya kwetu hivyo ndivyo visivyopewa alama kabisa, kwa sababu "havibebi kitu". Fundi huvichoma mwisho wa siku popote palipobaki nafasi. Bila ya mahesabu, lakini kwenye chuma kilekile kinachobeba watu. Sikulala vizuri usiku ule, na nilipoamka niliandika orodha ya michoro ya kuipitia upya nikifika nyumbani.

Mwisho wa wiki nilikuwa na safari yangu binafsi. Nimezaliwa Kigoma, na Kigoma kuna Liemba. Nikiwa mtoto niliihesabu mistari ya riveti kwenye ubavu wake kabla sijajua kuandika. Meli hiyo ilitoka Papenburg, kaskazini, na sikutaka kurudi bila kufika.

Kwenye jukwaa la stesheni kulikuwa na picha ya treni nzima, kila behewa na namba yake, na juu ya vichwa vyetu herufi zimetundikwa. Picha ilisema behewa langu litasimama chini ya herufi D. Nilisimama hapo bila imani kubwa. Treni ikaingia, ikapunguza, mlango wa behewa langu ukasimama mbele ya begi langu. Tulipita Münster na Rheine, ardhi ikawa tambarare, ng'ombe, mifereji, mitambo ya upepo, na hatimaye jengo ambalo nililiona kabla ya kuuona mji: ukumbi wa Meyer Werft, urefu mita 504, kimo mita 75. Meli za watalii hujengwa humo chini ya paa, kisha hushushwa kwa mto Ems kinyumenyume hadi baharini. Kutoka kwenye ghorofa ya wageni nilitazama chini vipande vya meli vikubwa kuliko nyumba, kila kipande kikingoja kuunganishwa na mwenzake, na mabamba yakichomelewa kwa mwanga wa leza. Nilikaa hapo mpaka kiongozi wa wageni akaja kunitafuta.

Karakana ya zamani, ambayo kampuni iliiacha 1975, iko katikati ya mji kando ya mfereji, na leo ni hoteli na ukumbi wa maonyesho. Huko ndiko ilikojengwa meli yetu, kwa jina la Goetzen, mwaka 1913. Iliundwa, ikafumuliwa tena kipande kwa kipande, ikatiwa katika makasha 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaunganishwa kwa riveti na kushushwa ziwani 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916. Waingereza waliiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hayo kila mtoto wa Kigoma anayasikia. Nililolielewa pale Papenburg, nimesimama kando ya mfereji, ni kwamba michoro haikusafiri peke yake. Kampuni ilituma mafundi wake watatu, wakiongozwa na Anton Rüter, wafike hadi Kigoma wakaiunge. Ilibidi aliyejua maana ya kila mstari awepo mwenyewe, na chaki yake mfukoni. Alama ninazojifunza zimetengenezwa ili Rüter asilazimike kupanda meli. Na mimi natuma michoro Tanga, Mwanza na Mbeya bila kumtuma mtu.

Niliporudi Duisburg, katika kipindi cha mwisho darasani, kila mmoja alitakiwa kuchagua alama za kazi ya kwao. Nilichukua mnara wa tangi la maji. Kwenye tangi lenyewe niliweka duara, kwa kuwa maji hayasamehe nafasi. Kwenye nguzo za kinga za ngazi sikuliweka. Vipande vifupi vya mshono vilitosha, na niliandika idadi yake, urefu na nafasi kati yake. Kwenye miguu ya mnara itakayopakwa zinki kwa kuchovywa, nililiweka tena, kwa sababu asidi ya kusafishia ikijificha katika mwanya itakula chuma baada ya rangi kupendeza, na nikaongeza matundu ya kutolea hewa katika mabomba. Kila kishikizo kilipata alama yake, hata cha waya wa umeme. Mwalimu aliupitia mchoro kwa penseli kavu, bila kuandika kitu, akanirudishia.

Nchini kwetu sasa kuna reli ya kisasa, kuna bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, kuna meli zilizojengwa Mwanza. Michoro ya kazi hizo na ya kazi ndogo zinazozizunguka inatua katika karakana zetu ikitoka kwenye familia zote mbili za alama. Wewe mchoraji mwenzangu, uwe Temeke, Gikomba au Katwe, andika kwenye kisanduku cha maelezo, kwa maneno na si kwa mstari mwembamba tu: ISO 2553, Mfumo A, au Mfumo B. Chini ya kiwango hicho usiache namba ya mshono wa kona bila a au z. Na kabla hujaweka duara, pitisha ncha ya penseli kukizunguka kiungo chote ukifikiria mkono wa fundi ulioshika rodi. Ukifika mahali ambapo mkono haupiti, badilisha alama siku hiyohiyo, karatasi ikiwa bado mezani pako.